Kocha, Kungwi au Mnozi?

Fungua ukurasa wa michezo wa gazeti lolote la Dar es Salaam, hutakosa sentensi hii au ndugu yake: kocha anayeinoa timu fulani amesema vijana wake wako tayari kwa mechi ya Jumamosi. Anainoa. Haifundishi, haiongozi, haisimamii. Waandishi wa michezo, ambao sisi wapenda istilahi tumezoea kuwabeza kwa Kiswahili chao cha mbio, walipokabidhiwa nomino ya kukopa waliitafutia kitenzi cha nyumbani, wakakipata, na wala hawakuitisha warsha. Nina shughuli na kitenzi hicho. Kabla ya kukifikia, tuwatazame watu ambao jina la kazi yao linatutatiza.

Ni wale wanaoketi faraghani na mkurugenzi wa benki, na mganga mkuu wa hospitali, au na mwanasheria aliyepandishwa cheo juzi na kukabidhiwa watu arobaini, wakamuuliza maswali kwa saa nzima, labda mara mbili kwa mwezi, kwa miezi sita au mwaka. Hawamfundishi benki, tiba wala sheria. Hawamwagizi la kufanya. Kadi zao zimeandikwa Kiingereza mbele na nyuma, na ukimwomba mmoja wao akueleze kazi yake kwa Kiswahili ataanza hivi: “Mimi ni kama mshauri, ila si mshauri, ni kama mwalimu, ila sifundishi.” Kazi inayojieleza kwa kukanusha ni kazi iliyokosa jina.

Tuanze na kocha, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika. Asili ya neno ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika tangu karne ya 15 kwa mafundi wake wa magari ya farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likasambaa Ulaya. Miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakaligeuza kuwa utani: mwalimu wa kulipwa anayemvusha mvivu kwenye mtihani akaitwa gari, kwa sababu anambeba. Kutoka mtihanini likahamia kwenye michezo, na kwetu likaja pamoja na mpira. Tulilitia irabu mwishoni, tukalipa wingi wake makocha na udhahania wake ukocha, na leo hakuna mtoto wa Kariakoo anayejua kwamba ni mgeni.

Sina ugomvi na kocha. Ninachogombana nacho ni picha inayokuja nalo kichwani: mtu aliyesimama kando ya mstari, mikono kiunoni, akipiga kelele, akiamua nani aingie na nani atoke. Huyu wetu wa faraghani hapangi kikosi cha mtu. Tena timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, anayefungashiwa virago ni kocha. Benki ikipata hasara, anayefungashiwa virago ni yule aliyekuwa akinolewa.

Hata hivyo haki itendeke. Shughuli yenyewe ilizaliwa kiwanjani kweli. Timothy Gallwey alikuwa akifundisha tenisi alipotoa kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu mchezo unaochezwa ndani ya kichwa cha mchezaji. John Whitmore, aliyeandika kitabu cha mwaka 1992 ambacho wengi wa fani hii hukihesabu msingi wao, alikuwa dereva wa mbio za magari. Bill Campbell, aliyeketi na Steve Jobs wa Apple na Eric Schmidt wa Google, kabla ya hapo alifundisha timu ya mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa hiyo anayesema “kocha wa wakurugenzi” hajapotoka. Amechukua tu jina la alikotoka mtu badala ya jina la anachokifanya.

Na hapo karibu pana kochi, lile la kukalia, ambalo asili yake ni neno jingine kabisa la Kiingereza. Nafurahishwa na ukaribu wa haya mawili kwa sababu yanaweka mpaka ambao wenye fani wanahangaika kuueleza. Mtaalamu wa maradhi ya nafsi, tangu enzi za Freud, ndiye mwenye kochi: anakulaza, anakurudisha utotoni, anatafuta jeraha. Kocha hana kochi. Mnaketi vitini, wote wawili wima, na mazungumzo yanaelekea Jumatatu ijayo.

Wakenya wana mkufunzi. Kwenye kurasa zao za michezo mkufunzi na kocha ni pacha, na msomaji wa Nairobi hashtuki. Mtanzania hushtuka, maana kwake mkufunzi ni mtu wa chuo cha ualimu, mwenye chaki na andalio la somo. Shina ni lile lile la funza, na funza maana yake ni kwamba mmoja anajua na mwingine hajui. Katika shughuli yetu mkurugenzi ndiye anayeijua benki. Anayemuuliza maswali huenda hajawahi kuidhinisha mkopo hata mmoja. Mkufunzi basi abaki chuoni, na Nairobi abaki uwanjani.

Mshauri linavutia zaidi, na mtego wake ni mzuri. Lina ukoo na shura, kuketi watu wakatafakari jambo pamoja, maana ambayo ingetufaa sana. Lakini matumizi yamelihamisha: leo mshauri ni mwenye majibu, na akiwa mshauri elekezi anakuja na ripoti yenye jalada gumu. Hata hivyo sikiliza mwana wa neno hilo mitaani. “Shauri yako!” tunamwambia mtu aliyekataa kusikia, na tunamaanisha kwamba yatakayompata ni yake. Ukiiondoa dharau iliyomo, kauli hiyo ndiyo hasa inayosemwa na kocha wa wakurugenzi mwisho wa kila kikao: shauri ni lako, uamuzi ni wako, mimi nimekusindikiza kuufikia. Anayetoa shauri ni mshauri. Anayemrudishia mtu shauri lake hatujampa jina.

Mnasihi nitalipita upesi. Neno ni zuri, nasaha ni tamu, ila historia ya karibuni imelifunga. Kwa miaka mingi “ushauri nasaha” umekuwa mlango wa chumba cha kupima virusi vya UKIMWI, na shuleni ni ofisi anakopelekwa mwanafunzi aliyeharibikiwa. Mwambie mkurugenzi kwamba bodi imempangia unasihi, kitu cha kwanza atakachouliza ni nani amesema anaumwa.

Mlezi nalo lina mwenyewe. Ni mtu aliyekutangulia katika kazi ile ile, anayekufungulia milango aliyoipitia. Hilo ni pendo jingine, na jina lake limetosha. Tusilibebeshe kazi ya pili.

Sasa tufike kwa kungwi, na hapa naomba nikae. Wapo wanaosema, nao si wajinga, kwamba Waswahili hatukuhitaji kukopa chochote. Tulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kumwandaa mtu kwa hadhi mpya: kungwi, nyakanga aliye mkubwa wa makungwi, na somo wa mwanamwali. Mwali aliingia ndani mtoto, akatoka mtu mzima. Meneja aliyefanywa mkurugenzi naye ni mwali, tena mwali aliyesukumwa nje kabla hajafundwa. Na tazama zana za kungwi: fumbo, wimbo wenye maana mbili, kitu kinachowekwa mbele ya mwali naye aambiwe akitambue. Hakuna mhadhara. Kuna mwanya, na mwali anapaswa kuuvuka kwa akili yake.

Somo ananivutia kupita kungwi. Ni neno moja linalobeba mtu na jambo, na sarufi inawatenga kwa adabu: somo langu ni hesabu au jiografia, lakini somo yangu ni mtu, mwandani wangu, yule ninayeweza kumkimbilia hata baada ya harusi ndoa ikinielemea. Hakuna lugha niijuayo ambayo mwalimu wa siri zako na kile alichokufundisha ni neno moja. Laiti ningeweza kumpa mkurugenzi somo, ningempa.

Siwezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kidunia: siku hizi kungwi ana kipaza sauti, yuko kwenye sherehe ya jikoni ukumbini, na wageni wanacheka hadi machozi. Ukisema “kungwi wa mkurugenzi” umeshaikosa bodi. Ya pili ni nzito zaidi. Kungwi anajua jibu. Fumbo lake lina ufumbuzi mmoja, nao ulikwishaamuliwa na wahenga, na mwali hufaulu anapoufikia. Katika shughuli yetu ufumbuzi haujulikani na yeyote kati ya wawili walioketi. Kungwi humwingiza mtu katika desturi. Huyu mwingine humsaidia mtu kufikiri pale ambapo desturi imekaa kimya.

Kwa hiyo narudi kwa waandishi wa michezo na kitenzi chao. Umewahi kumtazama mnoa visu wa mtaani? Anakuja na baiskeli, anaiegesha kwa stendi, anavuta mkanda mpaka kwenye jiwe la duara, anakanyaga pedali. Mama anatoka na kisu cha kukatia nyama na panga la nazi. Cheche zinaruka, jamaa anajaribu makali kwa kidole gumba, anarudisha kisu, anapokea pesa yake. Hamwulizi mama atapika nini. Hakati nyama yeye. Hakuongeza chuma juu ya kisu, bali kapunguza kidogo, na makali yaliyotokea yalikuwa ya kisu chenyewe. Sijaona maelezo ya shughuli hii yaliyo mafupi zaidi ya hayo, na yote yamo ndani ya silabi mbili: noa.

Kutoka noa tunapata nani? Njia ya haraka ni mnoaji. Silipendi. Kiambishi hicho humtaja mtu kwa mazoea yake, muuzaji, msafirishaji, mtumiaji, na yule wa baiskeli anastahili kubaki nacho. Kiswahili kina njia ya kale kidogo, inayolainisha mwisho wa shina: lea akazaa mlezi, okoa akazaa mwokozi, komboa akazaa mkombozi, tetea akazaa mtetezi, nyoa akazaa kinyozi. Kwa kanuni hiyo hiyo noa anamzaa mnozi. Lisemeni kwa sauti. Lina uzito wa mtu mwenye kazi inayoeleweka, na kazi yenyewe ni unozi. Anayefanyiwa ni mnolewa, kama mtahiniwa na mwajiriwa. Wawili wa cheo kimoja wanaofanyiana zamu kwa zamu, bila kumlipa mtu, wananoana. Kitenzi kimoja kimeijaza ofisi nzima, na hatujakopa hata irabu.

Nasikia mnaguna. Mtaani “umenoa” maana yake umekosea, umechemka, jibu si hilo. Kweli. Lakini tazama sarufi ilivyo na busara kuliko hofu yetu: anayekosea hunoa tu, bila mtendwa. Mara unapotia kiambishi cha mtendwa, umemnoa, amekunoa, maana ya kukosea inatoweka yenyewe. Mnozi siku zote ana mtu wa kumnoa. Mzaha utakuwapo, na neno jipya lisilotaniwa kwa kawaida ni neno lisilotumiwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kisu hakifikiri, na mnolewa, kwa umbo lake, ni mtendwa aliyelala chini ya jiwe. Nalikubali nusu. Istilahi yoyote ya mtendwa ina ubaridi huo. Lakini kauli ya kutenda ipo pia: mtu hujinoa. Na ikiwa anaweza kujinoa, mnozi wa nini? Hilo lilijibiwa na waliosema kinyozi hajinyoi.

Twende kwenye nusu ya pili ya jina, yule anayenolewa, kwani nako kuna vurugu. Kiingereza kinamwita kwa neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri mtendaji. Sasa nenda Kibaha au Kahama, nchini Tanzania, useme umeanzisha “unozi wa watendaji.” Watakuja watendaji wa kata na watendaji wa vijiji, na vitabu vyao vya stakabadhi, wakiuliza posho. Mtendaji amekwisha kupata ajira serikalini. Wengine husema viongozi, lakini kiongozi naye ni kila mtu siku hizi, hadi wa darasa. Mimi napendekeza neno dogo lililo mkononi: wakuu. Tuna mkuu wa shule, mkuu wa chuo, mkuu wa idara, mkuu wa mkoa. Linasema cheo bila kusema sekta. Unozi wa wakuu. Ni maneno matatu mafupi, na hayahitaji kufafanuliwa kwenye mabano.

Mteja tulitumie kwa tahadhari. Mganga ana wateja, duka lina wateja, na ile sauti ya simu ilimfanya mteja kuwa mtu asiyepatikana kwa sasa. Ukikata silabi ya kwanza, teja wa mitaa ya Dar es Salaam ni mtu aliyezama katika dawa za kulevya. Mkuu wa taasisi ana haki ya kutopenda ujirani huo.

Kuna na wa tatu katika mkataba, ambaye wengi humsahau: mwajiri anayelipa. Nimeona rasimu zikimwita mdhamini. Jamani! Mdhamini ni yule anayekutoa mahabusu. Mnolewa akisoma kwamba kampuni ni mdhamini wake ataanza kujiuliza ameshtakiwa kwa kosa gani. Mgharamiaji linatosha, na lina faida ya kuonyesha mpaka: analipa gharama, hanunui siri. Kiswahili kina msemo mzuri kwa mtu anayesikia na asiseme, tunasema ana kifua. Kanuni za maadili za Shirikisho la Kimataifa la fani hii, lililoasisiwa mwaka 1995, zinadai kwamba yaliyosemwa kikaoni yatunzwe. “Usiri” ni neno lao la mkataba. Mimi ningeandika kwamba mnozi sharti awe na kifua, na msomaji angeelewa mara moja mwajiri atajibiwa nini akija kuuliza.

Shirikisho hilo lina madaraja matatu, kwa saa za kazi zilizothibitishwa: 100, 500 na 2,500. Majina yetu yapo yakisubiri: mwanagenzi, mweledi, gwiji. Tusonge.

Maneno yaliyo matamu kabisa ni yale ya kikao chenyewe, kwani chombo cha mnozi ni swali, na Kiswahili kina maswali ya rangi nyingi. Chukua kikao kama hiki. Mkuu ana miaka hamsini na minane. Mnozi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano. Anaingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Karibu.”

Kwa salamu hiyo tu, yule anayepaswa kuuliza amekwisha kuinama. Vitabu vya fani, vilivyoandikwa ambako bosi huitwa kwa jina lake la kwanza, havina sura juu ya shikamoo. Mkuu anaanza.

“Hawa vijana wangu hawajitumi.”

“Enhe?”

“Hawajitumi kabisa. Nikisafiri wiki moja tu, nikirudi nakuta kila kitu kiko nilipokiacha.”

“Pole, mzee. Safari hii ya mwisho, uliwatuma nini?”

Kimya. Kujituma ni kujipa mwenyewe kazi, na swali limelirudisha neno hilo kwenye mzizi wake, pale ambapo lazima awepo wa kutuma. Binti hakumkosoa mzee. Amelishika neno la mzee mwenyewe, akalivua kiambishi kimoja, akamrudishia.

Fikiria angeuliza kwa mbona. “Mbona hukuwaachia maagizo?” Adabu ingevunjika na kikao kingekufa, maana mbona si swali, ni lawama iliyovaa nguo za swali. Kwa nini ni afadhali kidogo, lakini nalo humfanya mtu ajitetee. Wakufunzi wa fani huwaonya wanagenzi wao wasikimbilie kuuliza sababu, waulize hali. Sisi kwa kuuliza hali tuna neno ambalo ningelichonga juu ya mlango wa kila mnozi: kulikoni? Halishtaki, halidokezi jibu, halimzidi mzee. Linafungua tu.

Na enhe! Mwandishi mmoja wa fani, Michael Bungay Stanier, alitoa kitabu mwaka 2016 ambamo swali analolisifu kuliko yote ni lile la kumuuliza mtu kama kuna kingine zaidi, kisha kuuliza tena. Bibi zetu waliosikiliza hadithi barazani walilijua kwa silabi mbili. Enhe haisemi naam wala siyo. Inasema niko hapa, endelea, bado hujafika.

Kwa kusikiliza kwenyewe tunacho sikia, ambacho ni cha sikio na pia cha harufu, cha maumivu na cha utii, kwani mtoto asiyetii “hasikii.” Tunacho sikiliza, kilicho cha makusudi. Halafu tunacho sikilizia, na hiki ndicho ningempa mnozi. Mwenye jino bovu akishameza dawa husikilizia. Mvuvi aliyetupa mshipi husikilizia. Ni kutega sikio kwa kitu ambacho bado hakijaja. Kile kimya cha mkuu baada ya kuulizwa aliwatuma nini hakipaswi kujazwa. Kinasikiliziwa.

Whitmore anajulikana zaidi kwa hatua nne zilizopangwa ili herufi zake za mwanzo zilete neno la Kiingereza la kukua: unachokitaka, hali ilivyo, njia zilizopo, na utakachofanya. Watafsiri wetu huzileta kwa Kiswahili sahihi kisichokumbukika, na herufi zinazobaki hazisemi kitu. Nimezicheza kwa muda, nikaziona zikijipanga hivi: Kusudi, Uhalisia, Njia, Azma. KUNA.

Kuna! Kwanza ni neno la kuthibitisha kwamba kitu kipo. Kisha ni kitenzi, kile cha kukuna nazi, cha kukuna kichwa mtu anapokwama, na kukuna kichwa ndiko hasa mnolewa anakofanyishwa. Halafu kuna methali iliyokuwa ikitungoja siku zote, kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Yaani mkono wako una mwisho. Katikati ya mgongo, pale panapowasha zaidi, hufiki, hata ukiwa mkurugenzi wa taasisi yenye matawi kila mkoa.

Mtaniambia njia na nia zinatembea pamoja, kwani penye nia pana njia. Ndiyo, lakini methali imeitanguliza nia, nami nimeifunga orodha kwa azma. Nia ni ya mwanzo, na inaweza kulala moyoni miaka mingi bila kumsumbua mtu. Azma ni nia iliyojifunga kibwebwe, yenye tarehe. Mkuu anaweza kuingia kikaoni na nia. Asitoke bila azma.

Mrejesho ni neno nililolipokea kwa mikono miwili lilipoenea, kisha likaniharibikia. Tatizo ni ndugu yake. Mwambie mama wa kikundi cha mikopo kwamba kesho kuna marejesho, uone uso wake. Wakuu wengi hupokea maoni ya walio chini yao kwa uso huo huo, kama deni lililoiva, na lugha imewasaidia kuogopa. Pale wanapokusanya maoni ya wakubwa, wenzao na wasaidizi kwa pamoja, hati husema “tathmini ya nyuzi 360,” ambayo ni hesabu za kidato, tena ndani yake tathmini imebeba thamani, yaani bei. Maoni ya pande zote yanatosha. Na Marshall Goldsmith, ambaye amechoshwa na kuchimbua ya jana, anapendekeza mtu aombwe mawazo kwa ajili ya kesho tu. Hilo ni dokezo. Maofisini neno hilo limeshikwa na karatasi ya jalada, kwa hiyo tutumie umbo dogo, kidokezo, nalo lina upole wa kutolazimisha.

Uwajibikaji nalihofia zaidi. Wenye fani huahidi kwamba watamsaidia mkuu “kuwajibika.” Katika Kiswahili cha Tanzania, tangu Mzee Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa makosa yaliyotendwa na walio chini yake, kuwajibika kumebeba maana ya kuachia ngazi. Wabunge wakisema waziri awajibike, hawamaanishi aongeze bidii. Mnozi anayemwambia mkuu “nitakuwajibisha” amemtishia kazi yake. Anachomaanisha ni kwamba wiki mbili zijazo atamuuliza alichoahidi kimefikia wapi. Basi na tuseme hivyo: kuulizana ahadi.

Gallwey alisema ndani ya mchezaji mna wawili, mmoja anayecheza na mmoja anayemkaripia anayecheza. Waliojaribu kumtafsiri huyu wa pili huandika “mkosoaji wa ndani,” na tunamwona kama mhariri mwenye kalamu nyekundu. Kiswahili kinamjua kwa ukali zaidi. Nafsi humsuta mtu. Kusuta ni kumwendea mtu kwake, mbele za watu, ukamtolea aliyoyasema na aliyoyafanya. Huyo ni nafsi sutaji, na mkuu aliye macho saa nane za usiku akirudia kikao cha bodi anamfahamu.

Limebaki neno la mwisho wa kazi. Mikataba ya Kiingereza husema kufunga, au kuhitimisha, na watafsiri wetu hufuata. Lakini tuna likiza, kitenzi kilichosahaulika ingawa tunakula matunda yake kila Desemba, maana likizo limetoka hapo. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na ni kuwaruhusu wanafunzi waende zao muhula ukiisha. Mnozi asiyejua kulikiza ana mkuu anayempigia simu kabla ya kila uamuzi, na ankara zinazoendelea kwa miaka mitatu. Hiyo tarehe ya kulikizana iandikwe kwenye mkataba wa unozi tangu ukurasa wa kwanza, chini ya jina la mnolewa na juu ya kiasi cha ada.